Mtu Mmoja Nje ya Bima

Nyumbani kwa mama,
Jumapili mchana, baada ya mavuno.

Mpendwa wifi yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, barua zetu unazisoma umesimama huku jicho moja liko kwenye pasi. Hujambo? Miguu inaendeleaje? Uliandika kwamba inavimba kwa kusimama siku nzima mbele ya mashuka ya hoteli, na ukifika chumbani unaipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niambie kama imepungua. Na mumeo, kile kikohozi chake kimemwacha au bado wanakaa pamoja?

Sisi huku tunapumua. Watoto ni wazima. Kadogo amenipita urefu, jina la Kadogo sasa limebaki kuwa utani tu. Mvua ilichelewa ikaja kwa haraka kama mtu aliyesahau kitu. Mahindi ya kula tumepata, ya kuuza hayapo. Gauni ulilomtumia mama limemkaa vizuri ila mikono ilikuwa mirefu, nikaipunguza. Vipande vilivyobaki Kadogo amejishonea kitambaa cha kichwa, na wakitoka yeye na bibi yake unadhani wamevaa sare.

Kaka yako yupo nyumbani, anaendelea kupona. Najua hapo umesimama tena. Kaa, wifi. Aliugua, akapasuliwa, na hatari imepita. Hatukukwambia wakati ule kwa sababu mama alikataza. Alisema uko mbali, utapoteza kazi kwa jambo usiloweza kulishika kwa mkono. Sasa nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya mimi mwenyewe, linalokuhusu na wewe, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Ila siwezi kulieleza bila kuanzia mbali kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na bima ya afya.

Kabla bima haijafika kwetu alikuja binti mmoja wa maswali. Alipita nyumba hadi nyumba akiwa amevaa buti za mvua kwenye jua kali, akauliza tunalala wangapi, tukiugua tunakwenda wapi, mara ya mwisho tulipata wapi fedha ya dawa. Halafu akauliza, kama kungekuwa na bima, mngekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa kila mtu kwa mwaka. Akataja kiasi. Kaka yako akasema ni kikubwa. Binti akashusha. Kaka yako akasema bado. Akashusha tena, na tena. Kaka yako akaweka kikombe chini akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezoea kushusha bei, sijazoea kushushiwa. Nikiendelea kunyamaza utanilipa wewe?" Yule binti alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Basi kila nyumba ilifanya hivyo hivyo, kama watu wanaonunua nyanya soko likifungwa. Isipokuwa Mzee Subiri, jirani yetu wa upande wa kisimani. Unamkumbuka, yule ambaye ukimwomba jembe anakwambia subiri, ukimsalimia anakwambia subiri. Yeye alimwambia binti yuko tayari kulipa kiasi chochote, hata mara mbili yake. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Mtoto wa watu amekuja kwa miguu, nimwambie siwezi? Na isitoshe hakuja na risiti."

Bima yenyewe ilipofika tuliitwa mkutanoni kwenye darasa la shule. Ofisa alieleza vizuri, sitamsingizia. Alisema kila mtu atalipiwa kichwa chake na kupigwa picha yake, na kwamba asiyeugua mwaka huo anakuwa amemchangia aliyeugua. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, akilipa halafu akafika dirishani akaambiwa dawa zimekwisha, bima itamsaidia nini. Ofisa akasema dawa zitakuwepo. Hakuna aliyebisha, lakini wifi, kulikuwa na kimya fulani mle darasani, kimya cha watu waliowahi kutembea na mtoto mgongoni hadi zahanati wakarudishwa na kikaratasi cha kwenda kununua dukani. Siku ya kulipa, Mzee Subiri alionekana anapalilia shamba ambamo hakuwa amepanda kitu.

Sisi tulitaka kulipa. Tulikuwa na fedha ya maziwa tuliyokuwa tunaiweka kidogo kidogo, na kaka yako alikuwa amemaliza kupasua mbao za paa la kanisa. Tulihesabu vichwa, tukahesabu fedha, zikapungua kwa mtu mmoja.

Tukakaa chumbani kwa mama, yeye kitandani, sisi kwenye mkeka, watoto mlangoni. Mama akasema mambo yasiwe marefu, aachwe yeye, ameshakula chumvi ya kutosha. Kaka yako akamwambia, "Mama, humu ndani mwenye presha ni wewe." Mama akajibu, "Presha yangu tumeshazoeana, haina neno na mimi." Mimi nikasema tukope kwenye kikundi. Kaka yako akakataa, mkopo wa mbegu ulikuwa bado haujaisha na alikuwa amechoka kukwepa macho ya mweka hazina. Kisha akawageukia watoto akauliza, "Mzima kuliko wote humu ndani ni nani?" Watoto wote wakamnyooshea kidole yeye. Hata yule mdogo, ambaye hakujua tunazungumza nini.

"Basi ndiye wa kuachwa," akasema, na akasimama kama mtu aliyemaliza kikao.

Nilibishana naye, wifi. Nilimwambia wewe ndiye unayetulisha, kama ni kuacha mtu tuache ambaye nyumba inaweza kusimama bila yeye. Akauliza ni nani huyo. Nikasema mimi. Akacheka, akasema, "Nyumba hii bila wewe ni banda la kuku." Mazungumzo yakaishia kwenye kicheko, kama ilivyo kawaida yake. Kesho yake akatupeleka wote tukapigwa picha, mama akiwa na uso wa kununa, na yeye akasimama pembeni akitushikia mifuko.

Miezi ikapita. Watoto walitibiwa mara kadhaa, mara malaria, mara sikio, na kwa kweli tulitoa kadi tukapata dawa. Nilianza kusema vizuri kuhusu bima hata kisimani.

Kaka yako wakati huo alikuwa amezoea kujifunga kitambaa kiunoni, akikikaza sana kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alisema ni mgongo. Mpasua mbao akisema mgongo unamuuma, nani atamuuliza zaidi? Wewe mwenyewe umekua ukimwona marehemu baba na msumeno ule, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, kuvuta na kurudisha tangu asubuhi hadi jua lizame. Nilikuwa nampaka dawa ya kuchua na kumkanda kwa maji ya moto, mgongoni, mahali ambapo kumbe hapakuwa na ugonjwa.

Wakati wa palizi, siku moja mchana, Pacha alimleta kwenye mkokoteni. Unamjua Pacha, mwenzake wa msumeno, mrefu kama nguzo, watu wanawaita pacha kwa kuwa hawaachani na si kwa kufanana. Alikuwa anasukuma mkokoteni mbio, na kaka yako amelala juu ya magunia ya unga wa mbao, magoti ameyakunja mpaka kifuani, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Hakuwa analia. Alikuwa anahema tu kwa meno. Nilikuwa nimetoka shambani, nainama nifungue viatu, Pacha akaniambia, "Shemeji, usivue viatu. Tunakwenda hospitali."

Tulipata lori la mchanga pale barabarani. Dereva alituona akasimama bila kuuliza nauli, Mungu amzidishie. Tukiwa kule nyuma, kichwa cha kaka yako kiko mapajani mwangu, Pacha akaniambia akiwa anatazama pembeni kwa aibu. Ilikuwa ngiri. Alikuwa nayo siku nyingi. Akivuta msumeno inatoka, analala chini, anairudisha kwa mkono, anakaza kitambaa, anaendelea. Siku hiyo ilitoka ikakataa kurudi.

Nikamuuliza Pacha tangu lini. Akasema, "Tangu kabla hamjapigwa picha za bima."

Wifi, siwezi kukueleza nilivyojisikia. Lori linaruka kwenye mashimo, naye kila likiruka anafumba macho, na mimi nimemshika kichwa kwa mikono yote miwili huku nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilitaka kumbusu na kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

Hospitalini daktari alimgusa tumbo mara moja tu akasema utumbo umenasa, apasuliwe leo hii, tukichelewa utaoza. Pale dirishani karani wa bima aliniuliza kadi ya mgonjwa. Nikamwambia kadi zetu zote ziko nyumbani ila yake haipo. Akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia sisi wote tumelipiwa isipokuwa yeye. Alinitazama kidogo. Nadhani hakuwa anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Daktari ndiye aliyesema apelekwe, fedha zitafuata. Nikabaki kwenye benchi na Pacha, viatu vyangu vimejaa udongo wa shamba, tukitazama mlango uliofungwa.

Alitoka salama. Hapo ndipo ilipoanza habari ya gharama, na tukaambiwa hataruhusiwa kutoka mpaka zilipwe.

Kesho yake mama akaja. Hatukumwita. Alikuwa amefunga kadi yake ya bima kwenye leso, akaenda moja kwa moja dirishani kabla hata ya kumwona mwanawe. Nilimfuata nikidhani amepotea njia.

Akamwambia karani, "Mwanangu, tazama hii kadi. Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, bibi, ni wewe."

"Mwaka huu nimetibiwa?"

Karani akatazama kwenye kompyuta, akasema hajatibiwa hata mara moja.

"Basi fungu langu lipo. Mpe mwanangu, amelala kule ndani. Mimi siumwi."

Karani akamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba fungu halipo, limeshatumika kuwatibu wengine.

"Wengine akina nani?"

"Siwajui, bibi. Walioumwa."

"Kwa hiyo nimewatibu watu nisiowajua," mama akasema, "na niliyemzaa siwezi."

Watu kwenye foleni wakageuka kumtazama. Karani naye hakukasirika. Alimwelekea akamweleza polepole kwamba kama kila nyumba italipia mtu mmoja, halafu kila anayeugua aje na kadi ya huyo huyo, mfuko utakufa na dawa hazitakuwepo kwa yeyote. Mama akafikiri. Akasema, "Hilo nimelielewa. Sisemi unakosea. Nauliza tu sasa nifanye nini." Yule kijana akavua miwani, akaifuta, akasema hajui. Akatoka nje ya chumba chake akamletea kiti. Mama hakukaa. Alikunja kadi yake ndani ya leso, akaja wodini, akasimama miguuni pa kitanda cha kaka yako akamtazama mpaka mwanawe akageuza uso ukutani.

Nilipobaki na kaka yako peke yake nikamuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakabaki mawili tu: kwa nini. Akanijibu kwa sauti ndogo, maana mshono ulikuwa unamvuta, "Ningesema ninaumwa, mama asingekubali kupigwa picha. Unamjua. Angekaa mlangoni." Kisha akaongeza, "Na nilidhani itavumilia mwaka mmoja. Mwaka unaofuata ningejilipia."

Tulimuuza ng'ombe wetu wa maziwa. Mnunuzi wa mifugo akijua una mgonjwa hospitalini anaongea taratibu sana, hana haraka, anazunguka mnyama kama anatafuta ulipofichwa ugonjwa. Tulichukua alichotoa. Watoto walimsindikiza mpaka njia panda, na mdogo akarudi na kamba mkononi.

Siku ya kutoka daktari alituita wote wawili. Alisema upande mwingine nao umelegea, na akirudi kubeba au kuvuta vitu vizito utafunguka kama huu, pengine vibaya zaidi. Akamwambia atafute kazi ya kukaa. Kaka yako akajibu "ndiyo, daktari" kwa adabu ileile aliyomwambia nayo binti wa maswali kwamba bei ni kubwa. Nikajua hapo hapo kwamba hajakubali.

Tumekuwa nyumbani tangu wakati ule, na nyumba imekuwa nzito. Mama alikataa kwenda kliniki ya presha. Nilimsihi, akasema kadi ile amemnyang'anya mwanawe, hataila. Alifikia mahali anakaa upande wa pili wa uwanja ili asimwone kaka yako anavyoinuka kwa kushika ukuta. Na kaka yako, mshono ulipokauka tu, akaanza kusema kwamba mavuno yakiisha anarudi kupasua mbao, kwa kuwa bima inakwisha muda wake na ng'ombe hayupo, sasa fedha itatoka wapi? Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akasema daktari hajui ada ya bima inavyopatikana.

Wakaanza upya, wifi. Mama anasema safari hii niacheni mimi na sitaki mjadala. Yeye anasema ameshapasuliwa, ameshashonwa, ugonjwa wake umekwisha, aachwe yeye. Nilikuwa nakaa katikati yao nachambua maharage, namsikia kila mmoja anajitoa, nikaona wazi tunakokwenda.

Kwa hiyo nimeuza msumeno wa baba.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kwanza nikaenda kuteka maji. Najua ulikuwa wa baba yako kabla haujawa wa mume wangu, na najua ile mipini yake ya mti wa mpera baba aliichonga mwenyewe, wewe ukimshikia taa. Sikuuza kwa siri ya wizi. Nilikwenda kwanza kwa Pacha, kwa kuwa ndiye aliyeshika upande wa pili miaka yote hiyo, na ni riziki yake pia. Nilidhani atanifukuza. Alitazama viganja vyake, akasema, "Shemeji, nikiendelea kuvuta naye nitamuua kwa mikono yangu hii. Uza." Yeye mwenyewe ndiye aliyemtafuta mnunuzi, fundi mmoja wa ng'ambo ya mto, mtu mwenye kujua kitu kizuri, hakutulalia kwenye bei. Fedha ile imetosha vichwa vyote vya nyumba hii. Vyote, wifi, na kilichobaki kimenunua mafuta ya taa na viatu vya shule vya Kadogo.

Kaka yako aligundua alipopanda kuutoa darini ili anoe meno. Akashuka akanijia jikoni. "Msumeno uko wapi?" Nikamwambia nimeuuza. Akauliza nani alinipa ruhusa. Nikasema hakuna. Akasema, "Baba alinipa mimi." Nikamjibu, "Alikupa ukiwa mzima." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Alisimama pale na mafuta ya kupaka msumeno mkononi, akageuka akatoka.

Tangu siku hiyo aliacha kusema na mimi. Hakugomba, hakukataa chakula, wala hakuhama kitanda. Alikuwa anazungumza na mimi kupitia watoto. "Mwambie mama yako chumvi haijakolea." Mtoto ananigeukia, nami nimeshasikia, na bado anarudia yote kwa uaminifu mkubwa. Siku nyingine ningecheka.

Siku ya kupiga picha za mwaka mpya sikujua kama atakuja. Nilikwenda na mama na watoto. Mama alipofikiwa akamwambia mpiga picha kwamba mwanawe akikaa kwanza ndipo na yeye atakaa, akaanza kuwapisha watu nyuma yake, mmoja baada ya mwingine. Hata Mzee Subiri alitupita. Ndiyo, alikuja kulipa, amevaa koti, akasema alikuwa anasubiri aone wengine watakavyofaidika. Jua lilikuwa limeanza kushuka kaka yako alipotokea kwenye lango la shule, amenyoa ndevu. Hakunitazama. Akakaa kwenye kile kiti, akaambiwa ainue kidevu, akainua. Mama naye akakaa. Tulirudi nyumbani kila mtu na hatua zake.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kliniki na kadi mpya. Tulingoja asubuhi yote, akapimwa, presha iko juu kuliko ilivyopaswa. Dirishani akapewa vidonge vya aina moja. Vya aina ya pili, yule dada wa dawa akasema, havijaletwa, tununue dukani au tujaribu tena mwisho wa mwezi. Alisema kwa huruma, hata hakuweza kutuangalia. Fedha ya dukani hatukuwa nayo. Mama akaweka vidonge vyake kwenye leso. Njiani hakulalamika. Tulipofika karibu na nyumbani akanishika mkono akasema, "Mama Kadogo, tusimwambie."

Kaka yako alikuwa amekaa uwanjani anatengeneza mpini wa jembe la mtu, siku hizi anatengeneza mipini ili mikono isikae bure. Mama akapita akaingia ndani. Mimi nikawa napita, naye akainua kichwa akanitazama usoni. Hakukuwa na mtoto karibu.

"Wamempa dawa?" akaniuliza.

Wifi, kilikuwa kitu cha kwanza kuniambia kwa kinywa chake. Nikamwambia, "Wamempa." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa haki yake, akarudia kazi yake. Na usiku huo huo akanisemesha tena, habari ya kuku, na jana habari ya paa. Kwa hiyo sijui sasa nitamwambia lini kwamba dawa zilikuwa nusu.

Sikuandikii ili utume fedha, najua miguu yako inazipataje. Nakuomba mambo mawili. Usinichukie kwa ajili ya msumeno. Na kama utanichukia, niambie mimi, usimwandikie yeye, maana ataumia mara mbili. La pili, nimekunjia humu kikaratasi cha jina la hivyo vidonge vya mama ambavyo hatukupata. Kama kwenye maduka ya huko vipo na bei haiumizi, tia kwenye bahasha vichache, na juu yake andika ni vya miguu yangu mimi, ili mtu akifungua asiulize.

Nisalimie mumeo na watoto wako wote, mwambie yule mkubwa bibi yake anaulizia kama ameacha kunyonya kidole. Nisalimie na mama mdogo ukimwona. Huku mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Pacha anakusalimu, amepata kibarua cha kufyatua matofali. Watoto wanakusalimu. Kaka yako hajui kama ninakuandikia, lakini angejua angekusalimu kuliko sisi sote.

Mungu akulinde huko uliko, aishike miguu yako na mikono yako, na atukutanishe tukiwa wote, bila kupungua hata mmoja.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kama tumbo moja,
Mama Kadogo.